Mita Sitini Kutoka Mtoni, Ringwani

Kosa langu la kwanza katika kazi hii nililifanya nikiwa na furaha tele. Nyuma ya gereji ya mjomba wangu, pale Nkende mjini Tarime, kulikuwa na udongo mweusi uliolowa oili chafu ya magari kwa miaka mingi. Nilikuwa nimejisomea kwenye simu kwamba vijidudu vilivyomo kwenye samadi vinaweza kuila oili ile, ukivipa hewa na unyevu. Gereji ilikuwa finyu, kwa hiyo niliujaza udongo kwenye mifuko ya sandarusi, nikaukodishia bodaboda, nikaupeleka kwenye kiwanja cha mama yangu. Afisa mazingira aliponikuta na koleo hakunifokea. Alinieleza kwamba udongo uliolowa oili ni taka hatarishi kisheria, na taka hatarishi haisafirishwi bila kibali. "Ulikuwa na sehemu moja chafu," alisema. "Sasa unazo mbili."

Mimi ni mtu ninayeosha kikombe mara mbili. Maneno yale yaliniuma kama jino. Nilirudisha kila punje kwa kibali chake, nikaanza upya palepale gereji, na baada ya miezi kadhaa ya kuchanganya samadi na kugeuzageuza, nyasi ziliota. Nyasi hizo ndizo zilizonipeleka Ringwani.

Bhoke, dada anayeuza vitenge jirani na gereji, ndiye aliyeziona.

"Mwita, hizi zimeota kwenye ile oili?"

"Zimeota."

"Basi utaenda kwetu."

Kwao ni Ringwani, wilaya ya Serengeti. Mama yake ni mjane, na maisha yake yote yanategemea mashine ya kusaga nafaka inayotumia dizeli. Mashine ilivuja muda mrefu, dizeli na oili zikateremka kuelekea kijito. Ofisi ya mazingira ya wilaya iliisimamisha, ikampa mama njia mbili. Akodi gari lenye leseni lichimbue udongo wote na kuupeleka kwenye kituo kilichoruhusiwa, mbali sana, jambo ambalo hata tajiri wa kijiji asingeliweza. Au alete mpango wa kuusafisha hukohuko, afisa aukague na kuukubali. Ukaguzi ulikuwa Alhamisi. Bila mpango, mashine ingeng'olewa na eneo lingefungwa moja kwa moja.

"Mashine ikiondoka, mama ataishi kwa kusubiri huruma ya shemeji zake," Bhoke aliniambia. "Na mama yangu hajui kusubiri."

Niliogopa, na chini ya woga nilikuwa nachemka kwa furaha. Hakuna mtu aliyewahi kuniita kwa ajili ya jambo hili. Nilichora mpango wangu kwa penseli, nikauchora upya kwa kalamu, kisha nikaurudia kwa sababu mstari wa mtaro ulipinda kidogo. Sikumwonyesha mtu. Nilitaka uwe hauna dosari kwanza.

Jumanne asubuhi niliondoka Tarime na Noah ya abiria inayokwenda Mugumu, nikapata kiti cha mbele. Begi langu lilikuwa na tepu ya kupimia, glavu, chupa tupu na ule mpango ndani ya bahasha ngumu. Nyuma yangu alikaa mzee mmoja wa Sirari anayeuza dawa za mifugo. Aliniuliza naenda kufanya nini, na mimi, badala ya kujibu kwa ufupi, nikaeleza yote kuanzia vijidudu hadi mtaro.

"Si ungeniambia mapema, kijana," alisema. "Hapo ng'ambo Kenya kuna dawa imekuja kwa chupa. Bakteria wamekaushwa. Unamwaga tu, unaenda zako."

"Kuvusha viumbe hai mpakani kunataka kibali, mzee wangu."

"Kibali, kibali. Wewe ni wa serikali?"

"Hapana. Nilishawahi kukosa kibali, basi."

"Sasa utatumia nini?"

"Mavi ya ng'ombe."

Gari zima lilicheka. "Yaani umesoma mambo yote hayo," mzee alisema, "ukaishia kwenye mavi ya ng'ombe."

"Mwacheni kijana," dereva aliingilia. "Wakurya wote huwa tunaishia hapo."

Tuliacha migomba na baridi ya milima ya Tarime, tukateremka. Kadiri tulivyoshuka, joto liliongezeka na mashamba yakawa ya mihogo, mtama na mahindi. Tulivuka Mto Mara ukiwa umejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na nikajikuta nafikiria kwamba kila kinachomwagika vilimani kinafika pale hatimaye. Niliandika wazo hilo kwenye simu, nikalifuta, nikaliandika tena.

Mugumu nilichukua bodaboda. Barabara ya kwenda Ringwani ilikuwa kavu, na mara mbili tulizima pikipiki kungoja ng'ombe wapite. Kijana wa bodaboda alinionya kwamba kwa Mama Bhoke nitalazimishwa kula hata kama nimeshiba. Alisema kweli. Kabla sijamaliza kusema shikamoo, nilikuwa nimeshawekewa ugali wa mtama, dagaa na kikombe cha mtindi.

Mama Bhoke ni mwanamke mrefu, anayeongea huku mikono yake ikiwa na kazi. Alikuwa anapukuchua mahindi.

"Wewe ndiye daktari wa udongo?"

"Si daktari, mama. Nimejifunza mwenyewe."

"Na mimi mashine nilijifunza mwenyewe. Ndiyo maana ilivuja. Kula."

Aliniuliza hao wadudu wanaokula oili wanafananaje. Nikamwambia hawaonekani. Akanitazama kama muuzaji wa dawa za uongo. Nikamwonyesha mtindi. "Maziwa uliyatia kwenye kibuyu yakiwa mabichi, mama. Nani aliyagandisha?"

Alifikiri kidogo. "Haya," alisema. "Twende ukaione mifugo yako ilipolala."

Jioni ileile tulienda kwenye mashine. Ni banda la matofali, limefungwa kwa kufuli. Kutoka ukutani hadi chini ya mteremko udongo ulikuwa mweusi, unang'aa, bila jani hata moja. Nilitia kiganja cha udongo kwenye chupa, nikaongeza maji, nikatikisa. Utando wa rangi za upinde wa mvua ukapanda juu. Nilishindwa kuzuia tabasamu, jambo ambalo halikuwa la adabu mbele ya hasara ya mtu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Ulikuwa udongo uleule wa gereji. Niliujua.

Kisha nikatazama chini na kukiona kijito. Bhoke aliniambia kiko mbali. Kwa mtu wa mjini kilikuwa mbali. Nilitoa tepu, nikavuta kutoka ukingo wa maji hadi kwenye udongo mweusi, na hata nusu ya mita sitini nilizozitegemea haikufika.

Kila mtu nchini mwetu mwenye shamba karibu na maji ameisikia mita sitini. Ndani ya mita sitini kutoka mtoni, sheria hairuhusu shughuli inayoweza kuharibu maji. Na mpango wangu mzuri, wenye mistari iliyonyooka, ulikuwa unaweka matuta ya udongo wa oili na samadi palepale, ndani ya eneo lililokatazwa. Mvua moja ya masika ingebeba oili na mavi pamoja hadi kwenye maji. Nikiuacha udongo hapo, ni kosa. Nikiuhamisha, narudia kosa nililolijua vizuri kuliko yote.

Nilikaa kwenye jiwe.

"Umeona nini?" Mama Bhoke aliuliza.

Nilitaka kusema hakuna, nikachore upya usiku kwa siri. Sijui nini kilinizuia, pengine ule mtindi. Nilimwambia kila kitu.

Hakulalamika. "Sasa hizo sitini zinaishia wapi?"

"Bado sijapima."

"Si ndiyo umekuja na hicho kitu? Pima."

Jumatano asubuhi, kwa mwanga mzuri, tulipima kwa hatua tatu, kwa sababu tepu ilikuwa fupi. Mama alishika mwanzo, mimi mwisho. Tulipita banda la mashine, tukapita bustani yake ya mchicha, tukavuka mstari wa mikatani, ile mikonge inayowekwa kuwa mpaka wa shamba. Sitini ilituangukia kwenye mlango wa zizi lililohamwa, eneo pana, tambarare, lenye samadi iliyooza hadi kifundoni. Nilipiga magoti nikaishika. Ilikuwa laini, yenye uvuguvugu, imejaa mafunza na uhai. Hata kwa kuota nisingetengeneza kitanda bora kwa vijidudu.

"Hili zizi ni la nani, mama?"

"La shemeji yangu, Wambura," alisema, na kwa mara ya kwanza mikono yake ikatulia. "Ndiyo tatizo."

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Kwetu, zizi halikai mahali pamoja milele. Ng'ombe wakishalala sehemu kwa muda, zizi huhamishwa, na ile ardhi ya zamani huwa dhahabu ya mwenye mifugo. Hapo mahindi hupanda hadi yakamficha mtu. Kumwomba mtu zizi lake la zamani ni ombi kubwa. Kumwomba ili ukatie udongo wa sumu ni ombi ambalo nilijua nisingelithubutu peke yangu.

Wambura alikuja mwenyewe mchana, fimbo begani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanitazama glavu.

"Huyu ndiye mura, huyu kijana, anayefuga wadudu?"

"Ndiye," Mama Bhoke alisema. "Kaa, shemeji, tuna neno."

"Ukiniita shemeji kwa sauti hiyo najua nimeshapoteza kitu."

Mama alimweleza. Wambura alisikiliza hadi mwisho, halafu akacheka kicheko kisicho na furaha, na hapo nikaijua habari ambayo Bhoke hakuniambia. Mashine iliposimamishwa, Wambura ndiye wa kwanza aliyejaribu kusaidia. Kwa hesabu yake, shamba likichoka, unalilazia ng'ombe, linapona. Basi alihamishia zizi juu ya udongo wa oili. Ng'ombe hupenda kulamba udongo wenye chumvi, na walilamba. Mtamba wake mmoja, mwenye mimba, alivimba tumbo na kuharisha karibu afe. Daktari wa mifugo alimwokoa, na ofisi ikakataza mnyama yeyote kukanyaga pale.

"Nilipeleka ng'ombe kwenye oili, nikaadhibiwa," alisema. "Leo mnataka oili ije kwenye zizi. Shemeji, mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Ila wazo lako lilikuwa zuri," mama alisema. "Ulikosea nani aende kwa nani."

Nilidhani atakasirika. Alipiga fimbo chini mara moja. "Nitapanda mahindi hapo. Nimesema." Akaondoka.

Nilijaribu kula chakula cha jioni nikashindwa. Nilimwambia Mama Bhoke kwamba kesho afisa akija nitamwonyesha mpango wangu wa zamani, kisha nitaomba radhi. Alinijibu huku anaosha sufuria kwamba aliyeleta shida hii ni mashine yake, si kalamu yangu, na kesho nitasema kile kilichopo, basi.

Alhamisi afisa alifika kwa pikipiki, dada wa makamo, buti zimejaa vumbi, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Nilimtolea mpango. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia.

"Umechora vizuri," alisema. "Uko ndani ya mita sitini."

"Najua, madamu. Nimejua juzi."

"Sasa kwa nini unanipa?"

"Kwa sababu ndio nilionao. Mahali panapofaa ni pale juu, kwenye lile zizi la zamani. Lakini si pa mama, na udongo ukitoka kwenye kiwanja chake ni usafirishaji."

Alinikodolea macho, kisha akamgeukia mwenyekiti. "Hii ardhi ya marehemu na ndugu yake imegawanywa?"

"Kwa mdomo," mwenyekiti alisema. "Hati ya kimila ni moja, bado ina jina la baba yao."

"Basi mikatani haihesabiki kwangu. Ukibeba udongo kwa toroli kutoka hapa hadi kule, hujautoa kwenye ardhi. Hutahitaji gari lenye leseni." Alinirudishia karatasi. "Watu wanadhani sheria inataka udongo huu ufe. Inataka usiingie kwenye maji, na usizunguke ovyo barabarani. Ukivitimiza hivyo viwili, kutumia samadi na vijidudu hakuna anayekukataza. Ila nitataka turubai chini, tuta kuzunguka, mtaro, uzio mifugo isiingie, na sampuli ziende maabara kabla na baada. Hiyo chupa yako ni nzuri kwa macho yako. Kwangu si ushahidi."

Chupa ilikuwa mkononi mwangu. Niliirudisha kwenye begi taratibu, masikio yakiwaka, na bado nilikuwa nataka kuruka kwa furaha.

"Sasa mwenye zizi amekubali?" afisa aliuliza.

Wambura alikuwa amesimama kwenye mikatani tangu mwanzo. Sikujua amesikia kiasi gani.

"Nauliza," alisema kutoka kule. "Huo udongo ukishasafishwa, napanda mahindi?"

Hapo ndipo ningeweza kusema ndiyo. Mama Bhoke alikuwa ananitazama. Kijito kilikuwa kinasikika. Ndiyo moja tu, na kila kitu kingekamilika.

"Sijui, baba," nilisema. "Pengine. Lakini si msimu ujao, na pengine si unaofuata. Mpaka maabara iseme, hakuna chakula wala malisho hapo. Kwangu gereji nyasi zimeota, lakini nyasi kuota hakumaanishi mahindi yanalika."

Afisa alitikisa kichwa kukubali. Wambura akafuta kitu machoni, vumbi nafikiri.

"Ng'ombe wangu sasa hawanywi hapo chini," alisema hatimaye. "Wanasogeza pua, wanageuka. Nawapeleka hadi kule kwenye kona ya kijito, kila siku. Mtamba naye bado ananikumbuka kwa macho mabaya." Mwenyekiti alicheka, yeye hakucheka. "Zizi nitatoa. Lakini mashine haiwashwi mpaka chini yake pamesakafiwa kwa saruji na pana beseni la kukinga oili. Na mimi ndiye nitakayesimama kwenye tuta. Shemeji, usije ukanitia oili kwenye mahindi yangu ya kwingine."

"Utasimama," Mama Bhoke alisema. "Nitakuletea hata kiti."

"Kiti na chai."

"Kiti. Chai utakuja kunywa nyumbani kama mtu."

Mchana ule afisa aliandika masharti yote na kuahidi kibali kitoke baada ya sampuli za kwanza. Alichukua udongo mwenyewe kwenye chupa za maabara, akazifunga mbele yetu, akaondoka.

Nilirudi Tarime Jumamosi, kazi haijaanza. Watu watashangaa nikisema zile zilikuwa siku bora za maisha yangu, hali sikugeuza hata koleo moja. Kwenye Noah sikumweleza mtu lolote. Nilitazama nje tu, nikipanda tena kuelekea baridi na migomba. Kabla ya hapo niliiona sheria kama mlango uliofungwa na mtu asiyenijua. Ringwani nilijifunza kwamba wakati mwingine sheria ndiyo inayokulazimisha kuvuta tepu mpaka ufike mahali ambapo vijidudu tayari vinakungoja. Na wakati mwingine ni mzigo kweli: mama alipoteza msimu mzima wa kusaga akisubiri, na hakuna kibali kitakachomrudishia.

Kibali kilitoka. Nilirudi, tukabeba udongo kwa toroli, Wambura amesimama kwenye tuta, hakai hata kidogo. Tuliuchanganya na samadi na magunzi yaliyopondwa, na tangu hapo Mama Bhoke anaugeuza kila wiki. Sampuli ya pili ilionyesha oili imepungua, lakini haijafika kiwango kinachoruhusiwa. Uzio bado upo. Hakuna kilichopandwa. Chini ya mashine kuna saruji na beseni, na mashine inasaga.

Kwangu limebadilika hili: sasa naenda ofisi ya mazingira nikiwa na mpango ambao haujakamilika, na kabla ya jambo lolote namweleza afisa na mwenye ardhi kile nisichokijua.